Steringi Anaruhusiwa Kuua?

Najua nimewatelekeza wiki mbili nzima, lakini si mnajua tena, testi zilibana na umeme nao ukawa na mambo yake. Leo nimerudi na mada ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai yako, sogea nayo.

Ijumaa usiku bloku yetu ilikuwa haikaliki. Jamaa mmoja kaweka "Man of Steel" kwenye laptop, watu saba juu ya kitanda kimoja, wengine wamesimama mlangoni. Ilipofika pale Superman anapomvunja Zod shingo, chumba kikagawanyika mara mbili. Upande mmoja: "Superman gani huyu anaua watu?" Upande wa pili: "Ulitaka afanyeje, ambembeleze?" Kelele mpaka saa nane, mtu kaitwa mshamba, mtu kaambiwa akaangalie katuni za watoto. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo wanaonifahamu watashangaa. Ila nasoma historia, na watu wa historia tuna ugonjwa mmoja: ukituletea ugomvi wowote, tunauliza ulianza lini. Basi Jumamosi na Jumapili yote nimekuwa nikichimba.

Kitu kilichonivuta ni hiki. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, kibanda umiza, tulikuwa na kanuni moja tu: steringi hafi. Kwamba anaua wangapi, hilo halikuwa swali. Arnold Schwarzenegger kwenye "Commando" anamaliza kambi nzima na banda linapiga makofi. Hakuna aliyewahi kusimama akasema, jamani, mbona huyu anaua? Sasa kwa nini Superman akivunja shingo moja tu dunia inatikisika? Na Batman je? Mtu anayetembea usiku na gari lenye silaha, halafu mashabiki wanakuapia kwamba hajawahi kuua na hatakaa aue.

Hapo ndipo utamu unapoanza, maana Batman alianza kama muuaji.

Alitoka mara ya kwanza kwenye Detective Comics namba 27, toleo la Mei 1939, kazi ya Bob Kane na Bill Finger. (Finger huyu ni habari nyingine kabisa. Alifariki 1974, na jina lake halikutambuliwa rasmi kama mshiriki katika kumbuni Batman mpaka 2015. Kudhulumiwa kazi ya mikono yako si mambo ya wasanii wa Bongo peke yao.) Katika hadithi ile ya kwanza Batman anampiga ngumi mhalifu, mtu anatumbukia kwenye pipa la tindikali, na Batman anaona kwamba amepata kilichomstahili. Basi, hadithi inaendelea. Mwaka uliofuata, kwenye Batman namba 1 ya 1940, yuko ndani ya ndege yake anawamiminia risasi za rashasha watu walio kwenye lori, na jitu moja analinyonga kwa kamba inayoning'inia kutoka kwenye ndege hiyohiyo. Someni tena. Batman, rashasha, kamba shingoni.

Mhariri wao, Whitney Ellsworth, ndiye aliyesema basi, imetosha. Batman asiue tena, asibebe bunduki. Na ukitazama mwaka wenyewe unaelewa kwa nini. Aprili 1940 walikuwa wamemwingiza Robin, mtoto, na mauzo yakapanda karibu mara mbili. Wanunuzi walikuwa watoto wenye senti kumi mkononi, na wazazi wao ndio waliotoa hizo senti kumi. Huwezi kumweka mtoto wa watu kiti cha mbele huku baba mtu anapiga rashasha.

Kwa hiyo ile amri takatifu ambayo mashabiki wanaigombania hadi leo, kwamba Batman haui kwa sababu ya kiapo chake juu ya wazazi wake waliouawa, ilizaliwa ofisini kwa mhariri. Kwanza ilikuwa sera ya biashara, dini imekuja baadaye, waandishi walipoanza kuitafutia sababu ndani ya hadithi. Sisemi hivyo kuidharau. Naiona nzuri zaidi kwa kujua hivyo, kwa sababu waandishi walifungwa mikono wakalazimika kuumiza kichwa: huyu mtu atashindaje bila kuua? Ukimnyima mpishi nyama, ndipo utajua kama anajua kupika.

Na mhariri huyohuyo ndiye aliyemwokoa Joker. Kwenye Batman namba 1 Joker alipangiwa afe mwishoni kwa kisu chake mwenyewe. Ellsworth akaona mhalifu mzuri hivi tunamzika wa nini, wakaongeza picha moja ya mwisho inayoonyesha kwamba bado anapumua. Picha moja tu. Fikirieni biashara yote iliyojengwa juu ya ile picha moja.

Sasa tuingie miaka ya 1950, ambako mambo yalifika mpaka Seneti.

Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili New York, Fredric Wertham, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1954 alitoa kitabu, "Seduction of the Innocent", akidai vitabu vya katuni vinawaharibu watoto na kuwafundisha uhalifu. Batman na Robin nao hawakupona, alisema maisha ya wale wawili nyumbani kwao ni kama ndoto ya mashoga wanaoishi pamoja. Superman akamuona kama mafunzo ya kupenda mabavu. Mashabiki wa katuni wamemchukia mzee huyu kwa miaka sabini, ukitaja jina lake mbele yao ni kama umetaja msimamizi wa mtihani.

Ila historia haina huruma kwa wapenda majibu mepesi. Wertham huyuhuyu alifungua kliniki Harlem mwaka 1946, Lafargue Clinic, kutibu watu weusi maskini wakati hospitali nyingi hazikuwataka. Utafiti wake juu ya madhara ya kutenganisha watoto mashuleni kwa rangi ulitumika kwenye kesi ya Delaware iliyoingia katika ile kesi kubwa ya Brown ya 1954, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku utengano huo. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Halafu rundo la makaratasi yake lilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, mtafiti Carol Tilley akayapitia, na mwaka 2012 akachapisha alichokiona: Wertham alikuwa amebadilisha na kuunganisha maelezo ya watoto ili yaendane na hoja yake. Kwa hiyo aliwapenda watoto kweli, na aliyapika maneno yao kweli. Mimi bado sijui nimweke wapi, na nimeamua kumwacha hapohapo katikati.

Aprili 1954 kamati ndogo ya Seneti ikakaa New York kusikiliza habari za katuni na uhalifu wa vijana. Mchapishaji William Gaines, wa kampuni ya EC, akaenda mwenyewe kujitetea. Seneta Estes Kefauver akamwinulia jalada moja la kitabu chake: mwanamume ana shoka mkono mmoja, mkono wa pili kashika kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza, hii unaona ni adabu nzuri? Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha ni adabu nzuri, na akaanza kueleza kwamba ingekuwa mbaya kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi ili damu ionekane inachuruzika shingoni.

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Maana bwana Gaines, katika kujizamisha kwake, alieleza kanuni ambayo Hollywood inaitumia mpaka leo: kuua si tatizo, tatizo ni damu ionekane kiasi gani. Likumbukeni hilo, nitalirudia chini.

Wachapishaji waliogopa serikali isije ikaingilia, wakajitungia sheria wenyewe, Comics Code, Oktoba 1954. Maneno kama "horror" na "terror" yasikae kwenye majina ya vitabu, uhalifu usivutie, wema ushinde siku zote. Muuzaji hapokei kitabu kisicho na mhuri. EC ikafunga karibu katuni zake zote, ikabaki na "Mad". Mhuri ule uliishi muda mrefu kuliko mnavyodhani: Marvel waliachana nao 2001, DC Januari 2011. Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi cha mashujaa hawa kilikua ndani ya uzio, na mtu anayekuambia "Superman wa kweli ni yule mpole" mara nyingi anakuelezea Superman wa ndani ya uzio.

Ndani ya uzio huohuo ndipo Batman wa televisheni akatokea, Januari 1966, Adam West na Burt Ward, vipindi 120 hadi Machi 1968. Kama hamjakiona kitafuteni. Ngumi ikipigwa, neno linatokea kwenye skrini kwa rangi. Batman anaongea kama mwalimu wa nidhamu huku kavaa chupi juu ya suruali. Watoto walikichukulia kama vita kamili, wazazi wao wakacheka kwenye kochi lilelile. Mimi nakipenda. Kila mtu pale anajua anachofanya.

Lakini kuna mtoto mmoja New Jersey hakucheka. Michael Uslan amesimulia mara nyingi jinsi alivyoumia kuona dunia nzima inamcheka Batman wake, na jinsi alivyojiapiza kuifuta ile aibu. Alipokua, mwaka 1979, yeye na mwenzake Benjamin Melniker wakanunua haki za kutengeneza filamu ya Batman. Studio zikawafungia milango mmoja baada ya mwingine. Ikachukua miaka kumi. Shabiki aliyeudhika na ladha ya kipindi akageuka mtayarishaji, na jina lake limo kwenye filamu za Batman zilizofuata. Mnaposema kelele za mashabiki hazijengi kitu, mkumbukeni huyo.

Katikati hapo 1986 akaingia Frank Miller na "The Dark Knight Returns", Batman mzee, mkali, mji umeoza, na mwaka huohuo Alan Moore na Dave Gibbons wakaanza "Watchmen". Hapo ndipo giza likaanza kuonekana kama cheti cha ubora. Vitabu vyote viwili ni vikubwa kweli. Balaa ni walioiga. Wakachukua damu na sura za kununa, wakaacha akili mezani.

Na sasa kisa ambacho nikikisimulia watu wanadhani natania. Mwaka 1988 DC waliwapigisha mashabiki kura ya kumuua mtoto. Robin wa pili, Jason Todd, wasomaji wengi walikuwa hawamtaki. Mhariri Dennis O'Neil na wenzake wakaweka namba mbili za simu, moja afe, nyingine aishi, kila simu senti hamsini, laini wazi kwa saa 36. Kwenye hadithi Joker alikuwa kishampiga kijana kwa chuma na kumwacha kwenye jengo lenye bomu. Matokeo: simu 5,343 zikasema afe, 5,271 zikasema aishi. Tofauti ya simu 72! Kijana akazikwa. Baadaye O'Neil alisema alisikia kwamba kuna mtu mmoja aliiwekea kompyuta yake mpango wa kupiga namba ya kifo tena na tena. Kama ni kweli, basi tangu 1988 wizi wa kura ulikuwepo kwenye mambo haya.

Fikirieni lakini. Watu walilipia simu zaidi ya elfu tano ili mtoto wa kwenye karatasi afe. Ni watu waliopenda hadithi ile kiasi cha kulipia simu. Mimi sidhani walikuwa wakatili. Nadhani walitaka kuona kama kweli kuna kitu kinaweza kutokea kwenye dunia ambayo steringi hafi. Kifo kilikuwa ushahidi kwamba mambo si ya mchezo. Hii hamu ya kuthibitisha kwamba "hatuangalii vitu vya watoto" ndiyo injini ya ugomvi wote huu, tangu wakati ule mpaka kwenye kile kitanda cha watu saba.

Filamu sasa, na hapa nitakimbia kidogo.

Ilipotangazwa kwamba Michael Keaton, mchekeshaji, ndiye Batman wa 1989, barua za kupinga zipatazo 50,000 zikamiminika Warner Bros., ndivyo inavyosimuliwa, na habari ikafika ukurasa wa mbele wa Wall Street Journal. Filamu ikatoka Juni, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400, kelele zikazimika. Kilichonishangaza: Batman wa Tim Burton anaua, analipua kiwanda kizima na watu ndani, na mashabiki hawakulalamika kama walivyolalamikia uso wa Keaton. Ilikuwa na giza, basi ikasamehewa. Mwaka 1992 "Batman Returns" ikaja na Penguin anayetokwa na uchafu mweusi mdomoni, huku McDonald's wanagawa midoli yake kwa watoto. Wazazi wakaja juu. Studio ikamtoa Burton kwenye usukani ikamleta Joel Schumacher, rangi zikaongezeka, midoli ikaongezeka, na 1997 tukapata "Batman & Robin", Schwarzenegger akitoa vichekesho vya barafu kila dakika mbili. Filamu ilizama, na Schumacher aliomba radhi hadharani miaka mingi baadaye. Kisha Christopher Nolan, 2005, na "The Dark Knight" 2008, zaidi ya dola bilioni moja, Heath Ledger akapewa Oscar akiwa kaburini tayari.

Somo ambalo studio zilijifunza kutoka hapo: rangi zimefeli, giza limefaulu, kwa hiyo giza ndiyo ubora. Kwangu hesabu hiyo haijakaa sawa. "Batman & Robin" haikufeli kwa sababu ya rangi, ilifeli kwa sababu hakuna aliyeandika filamu, waliandika orodha ya midoli. Kipindi cha 1966 kilikuwa na rangi zote za kanga dukani na kilikuwa kazi nzuri. "Spider-Man: Into the Spider-Verse" ya 2018 inawaka rangi kama taa za mwenge na ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Na "Batman v Superman" ya 2016 ina giza mpaka unatafuta tochi, Batman anapiga watu risasi kwa gari lake, na wahakiki waliikanyagakanyaga. Uzito wa filamu ni kitu kimoja, ubora ni kitu kingine, na wanaochanganya viwili hivi ndio wanaotunyima usingizi saa nane usiku.

Turudi kwa bwana Gaines na kichwa chake.

Marekani wana madaraja ya umri kwa filamu tangu 1968. Mwaka 1984 wazazi walilalamikia "Indiana Jones and the Temple of Doom", ile ya mtu kung'olewa moyo kifuani, pamoja na "Gremlins", na Steven Spielberg mwenyewe akapendekeza daraja la katikati. Julai hiyo ikazaliwa PG-13. Filamu karibu zote kubwa za mashujaa zinalenga hapo, kwa sababu hapo ndipo kijana wa miaka 14 anaingia na pesa yake bila mzazi. Na ili ukae hapo, unaua unavyotaka ila damu ifiche. Kwenye "The Dark Knight" Joker anaipigiliza kalamu ya risasi kwenye kichwa cha mtu, tena kama kichekesho, na hauoni tone. Uingereza iliipa daraja la 12A, watoto wadogo waliweza kuingia na mzazi, na bodi yao ikapokea malalamiko mengi. Mwaka 2013 watafiti wa Ohio State na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha hesabu yao: matumizi ya bunduki kwenye filamu za PG-13 yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na kufikia 2012 yalizidi yale ya filamu za R, za watu wazima.

Sasa nirudini kwenye "Man of Steel" ya 2013 hiyohiyo. Kabla ya ile shingo, magorofa ya Metropolis yameanguka kama mkate mkavu. Ndani mlikuwa na watu wangapi? Filamu haihesabu, haina muda. Halafu shingo moja inavunjika, Superman analia kwa sauti, na sote tunagombana juu ya ile shingo. Kwenye katuni ya mwaka 1988, kazi ya John Byrne, Superman aliwaua wahalifu watatu wa Krypton kwa makusudi kabisa, na hadithi zilizofuata zikamwonyesha akiugua akili kwa ajili yake mpaka akaihama dunia. Hapo kifo kilikuwa na bei. Nikiulizwa upande wangu, ninasema hivi: shingo ya Zod hainisumbui hata kidogo. Yale magorofa ndiyo yananisumbua. Mwandishi akiua mtu mmoja na akakaa na maiti yule, namheshimu kuliko anayeua elfu kumi akaenda kwenye kichekesho kinachofuata.

Na inaonekana kelele za watu zilisikika. "Batman v Superman" inaanza na Bruce Wayne akikimbia chini ya magorofa yaleyale, ndani ya vumbi. Mwaka huohuo 2016 "Captain America: Civil War" ikajengwa juu ya swali la nani anawajibika kwa waliokufa. Mashabiki walilalamika, wakapewa hadithi mbili za malalamiko yao.

Kuna mahali ugomvi huu huacha kuwa utani. Julai 2012, siku chache kabla ya "The Dark Knight Rises", wahakiki walioandika vibaya walitishiwa kuuawa, na Rotten Tomatoes wakafunga maoni kwenye filamu hiyo. Filamu ambayo watishiaji wengi walikuwa hawajaiona! Kisha usiku wa kuamkia tarehe 20 mtu mwenye bunduki akaingia kwenye ukumbi wa sinema Aurora, Colorado, filamu ikiwa inaonyeshwa, akaua watu 12 na wengine 70 wakajeruhiwa. Sinema haikumtuma, na sitaki kuwapa nguvu akina Wertham wa leo. Lakini "Joker" ilipotoka 2019, familia za waliouawa Aurora ziliiandikia Warner Bros. barua, si kuomba filamu izuiwe, bali kuomba kampuni isaidie vita dhidi ya ukatili wa bunduki. Ukumbi ule haukuionyesha. Wengi wa mashabiki waliwaona wale wazazi kama watu wanaoharibu sherehe. Ile filamu mimi naikubali, Joaquin Phoenix alistahili Oscar yake, na barua ile nayo naikubali. Sioni kwa nini nichague.

Kura za simu nazo hazikuishia 1988. Zack Snyder alipoiacha "Justice League" ya 2017 baada ya kufiwa na binti yake, na Joss Whedon akaimalizia kwa vichekesho, mashabiki walidai toleo la Snyder kwa miaka mitatu. Walichangisha zaidi ya dola nusu milioni kwa taasisi ya kuzuia watu kujiua, jambo la heshima kabisa, na wengine wao walitukana watu usiku kucha. Machi 2021 wakapewa: saa nne, damu imerudishwa, daraja la R. Mwaka 2022 jarida la Rolling Stone likaandika kwamba ripoti za kampuni yenyewe ziliona sehemu ya akaunti zilizopiga kelele zile ni za bandia. Yule bwana wa kompyuta ya 1988 angetabasamu.

Kwetu huku mjadala niliowahi kuufurahia kuliko yote ni wa "Black Panther", Februari 2018. Kisumu walifanya onyesho maalum, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, na Waganda nao wakapiga kifua kwa Daniel Kaluuya na Florence Kasumba. Nilikuwa kidato cha kwanza, bweni zima tunagombana juu ya Killmonger. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza kama anaua sana au filamu ina giza kiasi gani. Tuliulizana: ana haki au hana? Wakanda walifanya sawa kujificha wakati wenzao wanasafirishwa utumwani? Mtoto mmoja wa Bagamoyo alisimama juu ya kitanda kulijibu hilo, na hakuna aliyemcheka. Ni PG-13 ileile, damu imefichwa vilevile.

Mwaka 2025 Superman kaja tena, safari hii wa James Gunn, ana mbwa, ana rangi, anacheka. Katikati ya zimwi kubwa linalobomoa mji, anasimama kumwokoa kindi. Kindi! Kwenye maonyesho ya majaribio kuna watazamaji ambao hawakukipenda kipande hicho, Gunn akakibakiza. Na kama mlivyotarajia, watu wameshagawanyika mara mbili: wapo wanaosema huyo ndiye Superman, wapo wanaosema ni utoto mtupu. Mimi niko na kindi. Anayebisha anajua chumba changu kilipo, ila aje baada ya Jumatano, nina testi.